Mkilua na Ndugu Zake: Habari za Bustani ya Harufu Katika Mwambao

Katika mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyepata kufanya kazi Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Kew, Uingereza, alitangaza kwa ulimwengu wa elimu mti mmoja mdogo wa mwambao wa Kenya na Tanzania. Mti huo haukufanana vya kutosha na mti mwingine wowote hata uweze kuingizwa katika jenasi iliyokwisha kujulikana; ilipasa, basi, ufanyiwe jenasi yake peke yake. Desturi ya wataalamu ni kuchukua majina ya namna hiyo katika Kilatini au Kiyunani, au kumtukuza kwayo msafiri wa Ulaya aliyepita njia siku moja akachuma tawi. Safari hii desturi iliachwa. Jenasi ikaitwa Mkilua, neno la Kiswahili kama lilivyo, pamoja na kiambishi chake cha ngeli ya miti, na likafuatwa na neno la Kilatini fragrans, yaani wenye kunukia.

Wanawake wa mwambao hawakungoja tangazo hilo. Kwao mkilua ulikuwa na jina, na ua lake lilikuwa na jina, kilua, na matumizi yake yalikuwa na adabu zake, zamani sana kabla jani la kwanza la mti huo halijakaushwa na kubandikwa katika karatasi ya maktaba ya mimea. Vitabu ndivyo vilivyochelewa. Jambo hili si dogo katika historia ya bustani za mwambao, kwa sababu historia hiyo aghalabu husimuliwa kama orodha ya vitu vilivyoletwa: waridi kutoka Uajemi, yasmini kutoka Bara Hindi, karafuu kutoka visiwa vya Maluku, langilangi kutoka nchi za mashariki ya mbali. Orodha hiyo ni ya kweli. Kosa lake ni kwamba humwacha msomaji akidhani kuwa mtu wa mwambao alikuwa mpokeaji tu, na kwamba kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga hapakuwa na pua iliyojua kupambanua harufu njema na harufu ya kawaida. Mkilua haukushuka katika jahazi. Uliingia mjini kwa mlango wa nyuma, kutoka msituni.

Mti wenyewe hauna mengi ya kujionyesha. Ni kichaka au mti mdogo wenye majani mabichi mwaka mzima, unaoota chini ya kivuli cha miti mikubwa katika misitu ya ukanda wa pwani. Maua yake yananing'inia katika vijiti, na rangi yake ni kijani kilichochanganyika na manjano hafifu, hata mtu asiyejua huweza kupita karibu akadhani ni majani machanga. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilua hujiuza kwa harufu. Katika jamii ya mimea mkilua ni ndugu wa mstafeli na mtopetope, miti ambayo kila mtoto wa mwambao huijua kwa matunda yake, na ni ndugu pia wa mlangilangi. Undugu huo unaonekana katika ua, lenye petali nene zisizo na urembo wa rangi, na katika tabia ya kuwaita wadudu kwa harufu kuliko kwa sura.

Harufu ililetwa mwambao kwa namna mbili, nazo hazina budi kutenganishwa. Namna ya kwanza ni harufu iliyokwisha kutengenezwa: udi, ambari, miski, marashi ya mawaridi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipelekewa tambuu na popoo, kisha akanyunyiziwa marashi ya mawaridi ya Dameski kwa heshima ya ugeni wake. Harufu ya namna hiyo ilikuwa bidhaa, ilikuwa na bei, na aliyeimiliki alionyesha kwamba mkono wake ulifika mbali. Namna ya pili ni mti ulio hai, uliopandwa na kumwagiwa maji, ukatoa harufu yake bure kila jioni kwa mwenye nyumba na kwa jirani, awe tajiri au maskini. Katika safari hiyo hiyo Ibn Battuta aliona malimau na matunda ya jamii yake huko Mombasa. Mwaka 1505, majeshi ya Wareno yalipoingia Kilwa chini ya Francisco d'Almeida na kuuteka mji, walioandika habari za vita hivyo hawakukosa kutaja bustani na miti ya machungwa na malimau. Wao waliyatazama matunda, kama ilivyo desturi ya mabaharia waliokaa miezi baharini. Lakini mchungwa ni mti usiopukutisha majani, nao unapochanua ua lake jeupe hunukia uwanja mzima. Na ni vigumu kusadiki kwamba watu waliokaa chini ya miti hiyo walingoja matunda peke yake.

Kuhusu yasmini ushahidi umo katika ushairi. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858 alipokuwa mgonjwa. Miongoni mwa mambo aliyomwusia juu ya maisha ya nyumbani ni kuitunza nywele, kuitunga yasmini na kuiweka kitandani. Wengi wamebishana juu ya utenzi huo, wengine wakiusifu kwa hekima yake, wengine wakiulaumu kwa kumfunga mwanamke katika utii. Mabishano hayo yana mahali pake. Hapa inatosha kuona jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita haraka: mama anayemwambia binti yake atunge yasmini hana haja ya kumweleza itapatikana wapi. Ilikuwa uani.

Na huyo myasmini wa uani ana habari ya kustaajabisha. Yasmini ipandwayo mwambao, ambayo wataalamu huiita Jasminum sambac, haina desturi ya kuzaa mbegu katika bustani. Huoteshwa kwa kipande cha tawi kilichokatwa na kuchomekwa katika udongo laini, au kwa kulaza tawi refu chini na kulifukia mpaka litoe mizizi. Maana yake ni kwamba hakuna myasmini uliojiotea wenyewe kando ya njia kwa kuletwa na ndege. Kila mmoja ulipandwa kwa mkono wa mtu, kutoka katika mti wa mtu mwingine, naye aliupata kwa mwingine kabla yake. Mwanamke wa Pate aliyeolewa Lamu, au wa Lamu aliyehamia Unguja, aliweza kuchukua kijiti kilichofungwa katika kitambaa kibichi, na kijiti hicho kilikuwa si mtoto wa myasmini wa mamaye bali ni myasmini ule ule, umeendelea kuishi mahali pengine. Ikiwa mtu angeweza kuandika nasaba ya myasmini mmoja, angekuwa ameandika nasaba ya wanawake waliopeana, ambayo hakuna tarikh ya mji wowote iliyoihifadhi. Tarikh zilihifadhi majina ya masultani.

Mahali pa bustani hizo pastahili kuelezwa, maana neno bustani humfanya msomaji wa leo afikirie uwanja mpana wenye majani yaliyofyekwa na njia za changarawe. Mji wa mawe haukuwa na nafasi hiyo. Nyumba zilisongamana, vichochoro vilikuwa vyembamba, na mwangaza ulishuka katika kiwanja kilicho katikati ya nyumba. Hapo, au uani karibu na kisima, ndipo palipokuwa na mrehani katika chungu, myasmini uliolazwa juu ya ukuta, na penye udongo wa kutosha mkilua au mhina. Mhina ulipendwa kwa majani yake kwanza, kwa ajili ya mikono na miguu ya maharusi, lakini ua lake dogo linanukia vizuri, na mti wenyewe hukubali kukatwa ukawa ua wa kuzungushia kiwanja. Maji yalikuwa ya kuteka kwa kamba, na kila ndoo ilikuwa na thamani yake. Kwa hiyo hapakupandwa kitu kilichodai maji mengi bila kurudisha fadhila. Uchache wa mahali na maji ndio uliochagua mimea ya bustani hizo kuliko kitu kingine chochote. Mti uliochanua mara moja kwa mwaka kwa kishindo, kisha ukasimama miezi kumi na mmoja mtupu, haukuwa na haki ya kukaa karibu na kisima.

Mkadi ulikuwa na shida yake, kwa kuwa ni mti wa miiba na majani marefu yenye makali, usiofaa kukaa karibu na watoto. Huu ni mti wenye jinsia mbili zilizotengana. Mkadi jike huzaa tunda la mfano wa nanasi lisilo na maana kwa mtafuta harufu. Mkadi dume ndio utoao shada jeupe lenye harufu kali tamu, ambalo vipande vyake hukatwa vikachanganywa na maua mengine. Kwa sababu hiyo wenye kupanda walichagua machipukizi ya mti dume, wakauzidisha huo na kuuacha jike ufukweni. Huko Ganjam, katika jimbo la Odisha nchini India, harufu ya shada la mkadi dume hufanywa mafuta na maji ya kutilia vyakula, nayo ni biashara kubwa. Mwambao wa Afrika ya Mashariki haukuifanya biashara ya namna hiyo. Uliikata kwa kisu, ukaifunga kwa uzi, ikaisha baada ya siku mbili tatu.

Katika karne ya 19 Unguja ilipokuwa makao ya Seyyid Said, bustani ya harufu ilitoka uani ikawa shamba. Seyyida Salme, binti yake, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na ambaye baadaye alijulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Ndani yake anaikumbuka michungwa mikubwa iliyosimama karibu na hamamu za Mtoni, ambayo watoto walipanda na kujificha katika matawi yake wakimkimbia mwalimu wao mkali. Ni picha ya kupendeza, na hapana sababu ya kutoiamini. Lakini ukweli mwingine lazima usimame ubavuni mwake. Michungwa ile ilimwagiwa maji na watumwa, na maua yaliyotandazwa juu ya vitanda vya majumba yale yalichumwa na kutungwa na mikono ya vijakazi ambao hawakuulizwa kama wanapenda harufu yake. Mkarafuu nao, mti wenye majani mabichi daima na harufu katika jani, ua na tawi, ambao uzuri wake ungeutosha kupandwa mbele ya nyumba yoyote, ulikuwa mti wa jasho. Tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, kazi ya kupanda upya ilifanywa na watu wasiokuwa huru, kwani hali ya utumwa haikufutwa na sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897. Anayeandika habari za bustani za wakati huo akasahau waliozilima ameandika habari za maua ya karatasi.

Hata hivyo maarifa hayaulizi cheti cha uungwana. Kijakazi aliyejifunza kwa bibi yake wakati wa kuchuma na namna ya kutunga aliyachukua maarifa hayo siku alipotoka, akayapeleka Ng'ambo, katika nyumba za udongo na makuti, akapanda yasmini yake mwenyewe. Harufu zilizokuwa alama ya ungwana wa majumba ya mawe zikawa za kila mtu. Hili ni badiliko kubwa, ingawa halikupigiwa mizinga.

Waingereza walikuja na bustani ya namna nyingine. John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 na kukaa huko hadi alipokuwa balozi mkuu wa serikali yake, alikuwa mtaalamu wa mimea kabla hajawa mtu wa siasa. Huko Mbweni alipanda na kujaribu mimea ya nchi nyingi, na nyingine akaipeleka Kew. Mwaka 1899 bustani iliyokuwa ya Seyyid Barghash katika mtaa wa Vuga ilifunguliwa kwa watu wote kwa jina la Malkia Victoria. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 ikaitwa bustani ya watu. Na mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha Unguja kitabu kikubwa cha mimea yenye manufaa na mapambo katika Unguja na Pemba, ambacho hadi leo hakina mwenziwe kwa wingi wa habari. Watu hao walikuwa na elimu, na wengine wao walikuwa na mapenzi ya kweli kwa mimea. Lakini bustani waliyoizoeza macho ya mjini ilikuwa bustani ya rangi. Bogonvilia ya Amerika ya Kusini, krotoni zenye majani ya madoa, mti wa maua mekundu wa Madagaska uwakao kama moto mwezi wa Desemba: hiyo yote ni mimea ya kutazamwa na mtu apitaye barabarani, na karibu yote haina harufu ya kusimulia. Iliwekwa mbele ya nyumba, upande wa lango. Myasmini na mkilua ikabaki nyuma, upande wa jikoni.

Tofauti hii ya mbele na nyuma si ya mahali tu. Bustani ya rangi ni ya mchana, hutazamwa kwa mbali, na mwenyewe hana haja ya kuikaribia. Bustani ya harufu ni ya usiku. Ua jeupe au la rangi hafifu halina faida kwa nyuki wa mchana kama lilivyo kwa nondo na wadudu wengine wa giza. Kwa hiyo hufungua na kutoa harufu jua linapozama. Watunga yasmini walilijua hilo bila kuwa na habari za nondo. Walichuma vikonyo alasiri, vingali vimefumba, wakavipitisha katika uzi mmoja mmoja, na mvaaji alipoketi barazani baada ya sala ya isha shada likafunguka lenyewe kichwani pake. Aliyechuma asubuhi, maua yakiwa yamekwisha kufunguka, alichuma yaliyokwisha kutumika. Kikuba kilikuwa kazi ngumu zaidi: rehani, yasmini, vipande vya mkadi, waridi likipatikana, na kilua, vikafungwa pamoja vikawa kitita kidogo cha kubanwa kifuani au katika nywele. Kila kiungo kina wakati wake wa kuchumwa na kiasi chake, maana mkadi ukizidi humeza vyote, na rehani ikizidi kikuba hunuka jikoni. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa wanawake, na wengine walipata riziki zao kwayo, wakiuza vikuba jioni katika miji ya Lamu, Mombasa na Unguja. Katika arusi kazi ilikuwa ya makungwi, na huko Unguja maua hayo hayo, pamoja na langilangi na liwa, huingia katika singo la kumsugua bibi arusi.

Mlangilangi, ndugu wa mkilua, ulifika baadaye na ukapewa ajira nyingine. Asili yake ni nchi za kusini ya mashariki ya Asia, na jina lake limetoka katika lugha ya Kitagalogi ya Filipino, likapita katika vinywa vya Wazungu hata kufika katika Kiswahili likiwa limevaa kiambishi cha miti kama mwenyeji. Ukiachwa, huwa mti mrefu ambao maua yake hayafikiwi bila ngazi, na matawi yake ni mepesi kukatika, hayamfai mpandaji. Katika visiwa vya Komoro haukuachwa. Mwaka 1885 Sultani Said Ali wa Ngazija alitia saini mkataba na Mfaransa Léon Humblot, ambaye naye pia alikuwa mtaalamu wa mimea, uliompa haki ya kuchukua ardhi na kuilima. Kwa mlango huo, na mingine iliyofanana nao katika visiwa vya jirani, ardhi bora ikaangukia kampuni za wageni, na katika karne ya 20 mashamba ya milangilangi yakawa mengi. Mti ulikatwa kichwa na matawi yake yakakunjwa mpaka ukawa wa kimo cha mita 2 hivi, umepindapinda kama mtu aliyebeba mzigo, ili mchumaji afikie maua akiwa amesimama chini. Uchumaji ni wa alfajiri, na maua hayana budi kufika katika mtambo siku ile ile. Huchukua yapata kilo 50 za maua kupata lita 1 ya mafuta. Mafuta hayo ndiyo yaliyoingia katika manukato ya Paris, yakiwemo yale mashuhuri ya Chanel Na. 5 yaliyotolewa mwaka 1921. Komoro ilipata uhuru mwaka 1975 na ikabaki mojawapo ya nchi zinazotoa langilangi nyingi kabisa duniani, nayo imebaki pia na deni la misitu, kwa kuwa mitambo ya kukamua mafuta huchemshwa kwa kuni.

Mkilua uliepuka ajali hiyo. Haukupata kampuni, haukukatwa kichwa, haukuwekewa ushuru bandarini. Lakini kisichouzwa nje mara nyingi hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hufyekwa bila mtu kuandika barua. Misitu ya mwambao, ambayo ndiyo nyumba ya mkilua wa asili, imebaki vipande vipande kutoka mpaka wa Somalia hadi Msumbiji. Baadhi ya vipande vya Kenya vimeokoka kwa sababu ni kaya za Wamijikenda, mahali pa heshima pa wazee, na mwaka 2008 kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwingine msitu umekuwa makaa, mashamba, viwanja vya hoteli. Mjini nako ua wa nyumba umejengwa chumba cha kupangisha, kisima kimefunikwa saruji, na harufu hununuliwa ndani ya chupa. Hapana haja ya kumlaumu mwenye nyumba aliyejenga chumba. Kodi ya chumba hulipa karo, na kilua hakilipi. Inatosha kujua ni nini kilichotoa nafasi.

Kuna mmea mwingine wa mwambao ambao safari yake inafaa kulinganishwa na ya mkilua. Mwafu, yasmini ya porini, ni mwenyeji wa Afrika, na maua yake meupe hunukia vichakani usiku bila kupandwa na mtu. Zama za Wareno ulivukishwa bahari ukafika Brazil, ukazoea nchi. Huko padri na mtaalamu José Mariano da Conceição Vellozo aliuona, akaudhani ni wa hapo, akaueleza katika kitabu chake cha mimea ya jimbo la Rio de Janeiro kilichotoka mwaka 1829, baada ya kufa kwake. Tangu wakati huo jina lake la kitaalamu ni Jasminum fluminense, yaani yasmini ya Rio. Kwa kanuni za wataalamu jina lililotangulia halibadilishwi kwa sababu ya kosa la jiografia. Basi mmea wa Afrika unatembea duniani na cheti cha Brazil, nao mkilua, uliochelewa zaidi ya miaka 140 kuliko mwafu kuandikwa, umeandikwa kwa jina la nyumbani. Kuchelewa kwake kulikuwa bahati.

Anayetaka kuupanda mkilua hana budi kuukumbuka msitu. Hauvumilii jua kali la uwanja mtupu ukiwa mchanga; hutaka kivuli cha mti mwingine, mwembe au mnazi, na udongo uliolishwa na majani yaliyooza. Haufanyi haraka. Mbegu za jamii yake huchelewa kuota, na mpandaji wa siku hizi, aliyezoea mimea ya chunguni inayochanua kabla ya kulipiwa, hukata tamaa na kung'oa. Ukiisha kushika, hauhitaji kukatwakatwa wala kufungwa katika kamba, na majani yake hukaa mabichi kiangazi na masika. Mahali pake ni karibu na dirisha la chumba cha kulala au kando ya baraza ya nyuma, upande ambao upepo wa jioni hupita kwanza kabla ya kuingia ndani, nao wapasa kupandwa mahali ambapo mkono wa mwanamke mwenye kutunga kikuba unaweza kulifikia tawi la chini bila ngazi.